Mikahawa mikubwa yazidi kuwagawanya wanywaji kahawa

KATIKA Kiswahili, mkahawa ni mahali pa kunywea kahawa. Jina lenyewe linajieleza. Hata hivyo, Mkenya wa kawaida anaweza kuingia katika mkahawa wa River Road jijini Nairobi, akala ugali kwa matumbo, akateremsha kwa chai ya maziwa na kuondoka bila kuona hata chembe ya kahawa mle ndani.

Kahawa ilirejea mijini kwa kishindo mwishoni mwa miaka ya 1990, lakini haikurejea katika mikahawa hiyo ya zamani. Ilikuja na maduka mapya yenye viti vya sofa, muziki wa chini kwa chini na mashine za Kiitaliano zinazofoka mvuke. Mengi ya maduka hayo humilikiwa na kampuni zenye matawi kadha wa kadha, na kila moja limepangwa kwa namna ambayo mteja aliyezoea tawi la Westlands hatapotea akiingia lile la Kisumu.

Kila yalikofika, kuanzia Seattle hadi Sydney, na kutoka Beijing hadi Nairobi, maduka ya aina hii yamewagawanya wanywaji. Wapo wanaoyasifu kwa usafi, utulivu na uhakika wa kile watakachotiliwa kikombeni. Wengine huyaona kama mahali pa kuuziwa maziwa na sukari kwa bei ya kuruka, kahawa ikiwa kisingizio tu. Aidha, wapo ambao lawama yao haihusu ladha hata kidogo, bali nani anayefaidika na kikombe hicho, na nani anayeruhusiwa kuketi.

Ili kuuelewa mgogoro huu, ni muhimu kurudi mahali ulikoanzia.

Asili yake

Kampuni iliyochora ramani ambayo takriban nyingine zote zimeifuata ni Starbucks ya Marekani. Ilianzishwa mwaka wa 1971 mjini Seattle na marafiki watatu, Jerry Baldwin, Zev Siegl na Gordon Bowker. Jina walilitoa kwa mhusika wa riwaya ya Moby-Dick yake Herman Melville, msaidizi wa nahodha katika meli ya kuwinda nyangumi.

Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba duka hilo la kwanza halikuwa mahali pa kunywea kahawa. Liliuza buni zilizokaangwa, na wateja walizibeba kwenda kuzisaga na kuzipika nyumbani. Waanzilishi hao walikuwa wamejifunza kazi kwa Alfred Peet, mhamiaji kutoka Uholanzi aliyefungua duka lake Berkeley, California, mwaka wa 1966.

Peet alizoea kukaanga buni hadi zikakolea weusi. Wakati huo Wamarekani wengi walikunywa kahawa ya mkebe, nyepesi na isiyo na harufu ya kujivunia, hivyo kikombe chake cheusi kilikuwa aina ya uasi. Ajabu ni kwamba weusi huohuo ndio uliokuja baadaye kuwa shtaka la kwanza dhidi ya wanafunzi wake.

Howard Schultz alijiunga na kampuni hiyo mwaka wa 1982 kusimamia mauzo. Mwaka uliofuata alitumwa Milan, Italia, na huko akashangazwa na vibanda vya espreso vilivyotapakaa kila mtaa. Wateja walisimama kaunta, wakanywa kikombe kidogo kwa mafunda mawili matatu, wakapiga soga na mpikaji aliyewajua kwa majina, kisha wakashika njia. Schultz aliporudi na kupendekeza Starbucks ianze kuuza kahawa ya kunywa, wenye duka hawakuchangamkia wazo hilo. Alijitoa, akaanzisha mkahawa wake ulioitwa Il Giornale mwaka wa 1986, na mwaka wa 1987 akarudi na kuwanunua mabwana zake wa zamani kwa dola 3.8 milioni.

Kutoka hapo kampuni ilienea kama moto wa nyika. Iliingia katika soko la hisa mwaka wa 1992 na kufungua tawi la Tokyo mwaka wa 1996. Leo ina zaidi ya maduka 40,000 katika mataifa zaidi ya 80.

Schultz alipenda kueleza biashara yake kwa maneno ya msomi wa sosholojia Ray Oldenburg, ambaye katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1989 alidai kwamba binadamu anahitaji "mahali pa tatu", yaani mahali pasipo nyumbani wala kazini, ambapo mtu huketi na wenzake bila kuulizwa amefuata nini. Kwa mtu wa Pwani, hilo si jambo la kufundishwa na msomi. Baraza ya nje ya nyumba imekuwa ikifanya kazi hiyo tangu jadi, na kahawa huletwa hapohapo.

Ladha ya makaa?

Malalamiko makongwe zaidi ya wapenzi wa kahawa dhidi ya kampuni hiyo ni kwamba huziunguza buni zake. Wakosoaji wa Marekani waliibatiza jina la utani "Charbucks", likichezea neno lao la kuungua hadi kuwa makaa. Mzaha huo ulifika hadi mahakamani. Mkaangaji mmoja mdogo wa jimbo la New Hampshire alipoziuza buni zake kwa jina hilo, Starbucks ilimshtaki mwaka wa 2001. Kesi ilivutana kwa miaka 12, na mwaka wa 2013 mahakama ya rufaa ikamruhusu mkaangaji huyo kuendelea kulitumia jina lake.

Je, lawama hiyo ina msingi? Hapa ni vyema kueleza kinachotendeka buni inapokaangwa. Joto linapokaribia nyuzi 200 za Selsiasi, buni hupasuka kwa mlio unaofanana na ule wa bisi. Mkaangaji akiiepua punde baada ya hapo, itakuwa na rangi ya hudhurungi na itabaki na tabia ya shamba ilikotoka: uchachu wake, harufu ya maua au matunda, utamu wa aina yake. Akiiacha hadi ipasuke mara ya pili, joto likiwa limepita nyuzi 220, mafuta hutokeza juu ya ngozi yake, uchachu hupotea na uchungu hutamalaki. Kadiri moto unavyozidi, ndivyo ladha ya moto inavyoifunika ladha ya shamba.

Kwa kampuni yenye maelfu ya maduka, hilo si hasara. Buni za Colombia, Sumatra na Kenya haziwi sawa mwaka hadi mwaka. Mvua ikichelewa ladha hubadilika. Zikikaangwa hadi weusi, tofauti hizo hupungua na kikombe cha Januari hufanana na cha Oktoba. Isitoshe, kahawa nyepesi humezwa na maziwa, na wateja wengi wa maduka haya huagiza kapuchino au late, ambavyo kwa kiasi kikubwa ni maziwa. Kahawa iliyokolea ndiyo inayosikika ndani ya gilasi kubwa ya maziwa na sharubati ya vanila.

Kwa hiyo pande zote mbili zina hoja. Anayetaka kutambua kahawa imetoka kilima gani ana haki ya kulalamika, na anayetaka kinywaji cha moto, kitamu na cha kujaza tumbo hajadanganywa.

Kwa Mkenya, hata hivyo, upande wa kwanza una uzito zaidi. Aina za mibuni za SL28 na SL34, zilizochaguliwa na maabara za Scott huko Kabete katika miaka ya 1930, ndizo zilizoipatia Kenya sifa duniani. Sifa hiyo imejengwa juu ya uchachu mkali na safi unaokumbusha matunda, na wanunuzi wa ng'ambo huulipia bei ya juu kuliko kahawa ya nchi nyingi. Kuikaanga kahawa ya Nyeri au Kirinyaga hadi itoe mafuta ni sawa na kununua samaki mbichi wa Lamu na kumpika kwa viungo hadi asitambulikane na omena.

Starbucks yenyewe haikukaa kimya. Mwaka wa 2008 ilianza kuuza mchanganyiko wa kahawa iliyokaangwa kwa kiasi, ikiupa jina la soko la Pike Place, na mwaka wa 2012 ikaleta buni nyepesi zaidi. Baadhi ya wateja wa kale walilalamika kwamba sasa kahawa imekuwa maji. Ndiyo hali ya biashara. Hakuna chungu kinachowatosha walaji wote.

Maziwa, sukari na barafu

Kundi jingine la wakosoaji husema kwamba maduka haya yameacha kuuza kahawa. Huelekeza kidole kwa Frappuccino, kinywaji cha barafu kilichoingia Starbucks kupitia ununuzi wa msururu wa mikahawa ya Boston uitwao The Coffee Connection mwaka wa 1994, kisha kikaanza kuuzwa kote mwaka uliofuata. Pia hutaja kile cha viungo vya boga kilichozinduliwa mwaka wa 2003, ambacho kwa zaidi ya miaka kumi hakikuwa na boga lolote ndani yake. Boga halisi liliongezwa mwaka wa 2015.

Wanaovitetea vinywaji hivyo husema kwamba vilikuwa daraja. Kijana aliyechukia uchungu wa kahawa alianzia kwenye barafu na sukari, akahamia late, na hatimaye akafika kwenye kahawa kavu. Wapo waliovuka daraja hilo, na wapo waliojenga nyumba katikati yake.

Pengine ukosoaji mzito zaidi ulitoka kwa Schultz mwenyewe. Mnamo Februari 2007, akiwa mwenyekiti, aliwaandikia wakuu wa kampuni waraka ambao ulivuja kwa waandishi wa habari. Alilalamika kwamba mashine mpya za kujiendesha ziliharakisha kazi lakini zilikuwa ndefu mno kiasi cha kumziba mpikaji, hivyo mteja hakuweza tena kutazama kahawa yake ikitayarishwa. Mifuko iliyofungwa kwa kutoa hewa ilihifadhi ubora wa buni, lakini iliondoa harufu ya kahawa dukani. Baadaye aligeukia pia mikate ya asubuhi iliyojazwa jibini, akisema harufu ya jibini iliyoungua ilikuwa inaimeza ile ya kahawa.

Alirejea katika usukani Januari 2008. Jioni ya Februari 26 mwaka huo, maduka 7,100 kote Marekani yalifungwa kwa muda wa saa tatu na nusu ili wafanyakazi wafundishwe upya namna ya kutengeneza espreso. Kwa kampuni yenye fahari kiasi hicho, kufunga milango hadharani kulikuwa kukiri kwamba walalamishi hawakuwa wakipiga kelele bure.

Walikokataliwa, walikopokelewa

Mfano unaotajwa mara nyingi na wapinzani wa mikahawa mikubwa ni Australia. Starbucks iliingia Sydney mwaka wa 2000. Kufikia katikati ya 2008 ilikuwa na maduka 84, na mwezi wa Julai ikatangaza kufunga 61 kwa mkupuo mmoja.

Sababu haikuwa kwamba Waaustralia hawanywi kahawa. Kinyume chake, walikuwa wakiinywa vizuri mno. Wahamiaji wa Italia na Ugiriki waliofika baada ya Vita Vikuu vya Pili walikuwa wamepanda mbegu ya espreso katika miji ya Melbourne na Sydney, na kila mtaa ulikuwa na kijikahawa ambacho mwenyewe alijua mteja wake anatumia sukari ngapi. Kampuni hiyo ilikuja kuuza, kwa bei ya juu, kitu ambacho wenyeji walikuwa nacho tayari kwa ubora zaidi. Mwaka wa 2014 maduka yaliyosalia yaliuzwa kwa kampuni ya huko. Na katika kile kinachoweza kuitwa kisasi kitamu, Januari 2015 Starbucks ilianza kuwauzia Wamarekani "flat white", kinywaji ambacho Australia na New Zealand hugombania ni nani aliyekibuni.

Uchina ilikuwa na kisa cha aina nyingine. Tawi dogo lilifunguliwa mwaka wa 2000 ndani ya Kasri Lililoharamishwa mjini Beijing, makao ya wafalme wa kale. Lilifungwa Julai 2007 baada ya mtangazaji mmoja wa televisheni kuongoza kampeni akisema ni dharau kwa utamaduni wa nchi. Hakuna aliyelalamikia ladha. Na wakati huohuo, nje ya kuta za kasri, vijana wa Beijing na Shanghai walikuwa wakipanga foleni katika matawi mengine ya kampuni iyo hiyo.

Nchini Japani, mapokezi yalikuwa ya furaha. Vibanda vya kahawa vya huko vilikuwa vimejaa moshi wa sigara, na tawi la Ginza lilipofunguliwa mwaka wa 1996 lilipiga sigara marufuku. Wataalamu wa biashara walitabiri kwamba litakosa wateja. Wanawake na vijana walilijaza.

Italia, iliyompa Schultz wazo lake, ilisubiri hadi Septemba 2018. Duka lililofunguliwa Milan halikuwa tawi la kawaida bali kiwanda cha kifahari cha kukaanga kahawa ndani ya jumba la kale la posta. Espreso iliuzwa kwa euro 1.80, ilhali katika baa za mji huo bei ya kawaida ilikuwa karibu euro moja. Kikundi kimoja cha kutetea wanunuzi kilipeleka malalamiko kwa wadhibiti wa ushindani. Foleni hazikupungua.

Je, wadogo walimezwa?

Hofu kubwa ya miaka ya 1990 ilikuwa kwamba mikahawa midogo ingeangamia. Haikuwa hofu ya bure. Starbucks ilikuwa na mtindo wa kufungua matawi yaliyokaribiana, hata yakinyang'anyana wateja yenyewe kwa yenyewe, ili mshindani asipate upenyo. Nchini Uingereza mwaka wa 1998 iliununua mzima mzima msururu wa Seattle Coffee Company na kubadilisha vibao. Katika maandamano dhidi ya Shirika la Biashara Duniani (WTO) mjini Seattle mwaka wa 1999, vioo vya maduka yake vilikuwa miongoni mwa vilivyopasuliwa.

Na bado, nchini Marekani, idadi ya mikahawa huru iliongezeka katika miaka ileile ambayo kampuni hiyo ilikuwa ikienea. Iliyoua haraka ni mingi, lakini iliyozaliwa ilikuwa mingi zaidi. Maelezo yanayokubalika ni kwamba kampuni kubwa iliwafundisha watu kwamba kahawa inaweza kugharimu dola tatu badala ya senti 50, na mara walipozoea bei hiyo, mkaangaji mdogo mwenye ujuzi alipata nafasi ya kupumua. Bila shaka maelezo hayo hayamfariji aliyelazimika kufunga duka kwa sababu mwenye nyumba alipata mpangaji mwenye mfuko mnene.

Kikombe na mkulima

Kahawa ililetwa Bura, katika milima ya Taita, na wamishonari wa Kifaransa mwaka wa 1893. Kwa miongo mingi Waafrika walizuiwa kuikuza isipokuwa katika sehemu chache, hadi mpango wa Swynnerton wa 1954 ulipowafungulia njia wakulima wadogo. Zao lilifikia kilele katika msimu wa 1987/88, takriban tani 130,000, na tangu hapo likateremka hadi chini ya nusu ya kiasi hicho. Karibu lote huuzwa ng'ambo.

Mkulima wa Murang'a au Kirinyaga huuza matunda mabichi mekundu kwa kilo. Huhitajika kilo sita au saba za matunda hayo kupata kilo moja ya buni safi, na buni hupoteza karibu moja kwa sita ya uzani wake jikoni. Kwa hesabu hiyo, kilo moja ya matunda hutoa kama gramu 125 za kahawa iliyokaangwa, ambazo zinatosha vikombe saba vya espreso ya vipimo viwili. Chama cha ushirika kinapolipa zaidi ya Sh100 kwa kilo, wakulima husherehekea. Katika mikahawa mikubwa ya Nairobi, kikombe kimoja cha kapuchino huzidi Sh200.

Ni kweli kwamba katika bei hiyo mna maziwa, kodi ya jengo, mishahara, umeme, ushuru na gharama ya mashine ambayo bei yake inaweza kununua gari. Ukweli ni kwamba hata kahawa ingetolewa bure, bei ya kikombe isingeshuka sana. Lakini hoja hiyo inaweza kugeuzwa: ikiwa buni ni sehemu ndogo hivyo ya bei, basi kumlipa mkulima maradufu kusingemuumiza mnywaji kiasi cha kuhisika.

Ethiopia ililivalia njuga suala hili. Mwaka wa 2005 serikali yake iliomba kusajili nchini Marekani majina ya Sidamo, Harrar na Yirgacheffe kama alama zake za biashara, ili anayeyatumia kuuza kahawa apatane kwanza na wenyewe. Chama cha wafanyabiashara wa kahawa wa Marekani kilipinga. Mwaka wa 2006 shirika la Oxfam liliilaumu Starbucks hadharani kwamba ilikuwa nyuma ya upinzani huo, jambo ambalo kampuni ilikanusha. Wanywaji wengi walituma barua za kuishinikiza, na Juni 2007 kampuni ikatia saini makubaliano na Ethiopia ya kuyatambua majina hayo. Ni mojawapo ya nyakati chache ambapo maoni ya mnywaji wa Boston yalisikika hadi Sidamo.

Lawama nyinginezo zimekuja na kupita. Uingereza iliwaka kwa hasira mwaka wa 2012 ilipobainika kwamba Starbucks ilikuwa imelipa kodi ya mapato ya pauni 8.6 milioni tu katika miaka 14, bila kuvunja sheria yoyote. Kuhusu wafanyakazi, kampuni husifiwa kwa kuwapa bima ya afya hata wa muda tangu 1988, na hulaumiwa kwa jinsi ilivyokabiliana na vyama vya wafanyakazi vilivyochipuka baada ya kura ya Buffalo ya Desemba 2021.

Kahawa ya Java jijini Nairobi

Humu nchini, gumzo la mikahawa mikubwa kwa muda mrefu lilihusu jina jingine. Nairobi Java House ilifungua mlango wake wa kwanza Adams Arcade, Barabara ya Ngong, mwaka wa 1999. Ilienea hadi miji mingine ya Kenya, kisha ikavuka mpaka kuingia Uganda na Rwanda. Kampuni za uwekezaji zimepokezana umiliki wake: Emerging Capital Partners iliingia mwaka wa 2012, Abraaj ikainunua mwaka wa 2017, na baada ya Abraaj kuporomoka, ikachukuliwa na Actis mwaka wa 2019. Artcaffe na wengine walifuata nyayo.

Jina Java ni la kisiwa cha Indonesia. Kwamba Wakenya walijifunza kunywa kahawa ya kilima chao chini ya jina la kisiwa cha watu ni jambo la kuchekesha, lakini si geni kwa zao lililokuwa halina mnywaji nyumbani. Kabla ya hapo, familia iliyosema inakunywa kahawa mara nyingi ilikuwa na mkebe wa unga wa kukorogwa, nao ulitolewa wageni walipokuja. Buni bora za daraja la AA zilikuwa zikipakiwa Mombasa kwenda Ujerumani na Marekani, na mkulima aliyezipalilia hakuwa amezionja.

Wanaozitetea kampuni hizi husema kwamba zilivunja hali hiyo. Mkenya angeweza kukaa katika mji wake na kunywa kahawa ya nchi yake, iliyokaangwa wiki hiyo. Zaidi ya hayo, zilimpa kitu ambacho mji ulikuwa hauna: meza ambayo mwanamke angeketi peke yake bila kusumbuliwa, choo safi, intaneti, na mahali pa kufanyia mahojiano ya kazi ikiwa mwajiri hana ofisi. Ni vigumu kuhesabu mikataba ya biashara na hata posa zilizozungumziwa juu ya vikombe hivyo.

Wanaozipinga hawakosi la kusema. Bei imewaweka nje wengi wa wakazi wa mji. Majina ya vinywaji yanamtia mteja haya ya kuagiza. Na kwa wapenzi wa ladha, upana wa menyu unatia shaka: nyumba inayouza kahawa, baga, keki na kitoweo cha kuku, wanauliza, huwa na muda gani wa kuichunga kahawa? Ndiyo sababu katika miaka ya karibuni wameibuka wakaangaji wadogo wanaomwambia mteja kahawa imetoka kiwanda gani cha ushirika na ilisafishwa vipi. Wengi wa wateja wao, ni haki kusema, walianzia katika maduka makubwa wanayoyabeza.

Nani anayeketi?

Mwezi wa Aprili 2018, wanaume wawili weusi waliingia katika tawi moja la Starbucks mjini Philadelphia kumsubiri mwenzao. Hawakuwa wameagiza kitu. Polisi waliitwa, nao wakatiwa pingu. Video ya tukio hilo ilisambaa duniani, na Mei 29 kampuni ikafunga maduka 8,000 mchana mzima ili kuwafunza wafanyakazi kuhusu ubaguzi wa rangi. Ilitangaza pia kwamba yeyote angeweza kuketi au kutumia choo, awe amenunua au hajanunua.

Sera hiyo ilidumu hadi Januari 2025. Mkurugenzi mpya, Brian Niccol, aliyeshika hatamu Septemba 2024 mauzo yakiwa yamezorota, aliiondoa: anayeketi sharti awe mteja. Wakati huohuo alirudisha vikombe vya kauri kwa wanaonywea ndani, kujaziwa tena kahawa bila malipo, na desturi ya kuandika jina la mteja kwa kalamu. Kwa wengine, huo ulikuwa mwisho wa ahadi ya "mahali pa tatu". Kwa wengine waliochoka kukosa kiti, ulikuwa mwanzo wa kuirejesha.

Katika Mji wa Kale wa Mombasa, muuza kahawa tungu hutoka jioni na dele lake la shaba, makaa yakiwaka kwa chini, akigonganisha vikombe ili asikike kabla ya kuonekana. Kahawa yake imekaangwa hadi weusi kuliko ya Seattle, ikatiwa tangawizi na hata iliki, na hakuna anayelalamika kwamba imeungua. Hunywewa kwa finjani ndogo isiyo na mkono, kando yake kashata au kipande cha haluwa, na mnywaji hulipa sarafu chache. Mabenchi ya barazani hayana mwenyewe. Aliyekunywa kikombe kimoja saa kumi na moja huenda bado yupo hapohapo wakati wa adhana ya isha, akibishana kuhusu siasa na mpira, na muuza kahawa amekwisha kuhamia baraza nyingine.